Ndege ya Marehemu na Mafungu 72



Maswali ya mirathi yaletwayo kwenye ukurasa huu aghalabu huwa ya nyumba, shamba la minazi, dhahabu ya mama au akiba iliyoko benki. Ni nadra mtu kuuliza habari ya cherehani, simu, au fedha zilizosalia kwenye M-Pesa ya maiti. Vitu hivyo huchukuliwa na aliye karibu navyo, na ikifika arubaini havijulikani viko wapi. Ilhali tirka ni kila alichokimiliki marehemu hadi pumzi yake ya mwisho, na haki ya mrithi imo ndani ya sindano kama ilivyomo ndani ya nyumba. Haya nimeyasomesha madrasani kwa miaka mingi. Lakini sikupata kuyapima juu ya kitu kizito kugawanywa kama kile nilichokikuta kwa dada yangu mjini Birmingham, Uingereza, nilipoalikwa kuswalisha tarawehe, nikabaki huko majuma matano baada ya Idi.

Kilikuwa ni ndege. Si ndege ya kupandwa na mtu, wala si kitu cha kuchezea cha plastiki cha dukani. Ni chombo cha mbao kisicho na injini, chenye upana wa mita 5 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya la pili, kinachoongozwa kwa rimoti na mtu aliyesimama ardhini. Shemeji yangu, Allah amrehemu, alikuwa akikiunda kwa miaka mitatu katika chumba cha nyuma, naye akafariki kabla ya kukimaliza.

Dada alikuwa amekwisha eda. Madeni ya marehemu yalikuwa yamelipwa, wasia hakuacha, na nyumba ilikuwa ya kupanga. Gari na fedha kidogo zilikuwa hazina mgogoro. Mgogoro ulikuwa chumba cha nyuma. Mpwa wangu, kijana wa miaka 16, alikuwa akirudi shule hujifungia humo mpaka usiku mkubwa, na mitihani yake imekaribia. "Kaka," dada akaniambia, "kiuzwe hicho kitu, kila mtu apewe haki yake. Mimi nimempoteza mume, sitaki kumpoteza na mtoto ndani ya chumba kile." Kijana naye hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akainama.

Nikasema kwanza nikione.

Aliyepata kutazama jahazi likiundwa ufukweni angelitambua umbo lile mara moja. Bawa ni mataruma yaliyopangwa moja baada ya jingine juu ya mihimili miwili mirefu ya mbao za msonobari, na ngozi nyembamba ya ubao ikafunika ukingo wa mbele. Mbao za mataruma ni za mti wa balsa utokao Amerika Kusini. Ukizishika kiganjani utadhani umeshika mkate mkavu. Bawa la kushoto lilikuwa limeshavikwa kitambaa cheupe. La kulia lilikuwa mifupa mitupu, limeegemezwa ukutani, na kalamu ya marehemu ingali imechomekwa kwenye tundu la taruma la tisa.

Kijana akanieleza kwamba ule ni mfano, kwa kipimo cha thuluthi, wa ndege halisi iitwayo Ka 8. Ile ya asili ina upana wa mita 15, ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Kaiser, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1957, na kiwanda cha Schleicher kilichoko kwenye vilima vya Rhön kikaunda zaidi ya 1,000. Kiwiliwili chake ni cha mabomba ya chuma yaliyoungwa na kuvikwa kitambaa, na mabawa ni ya mbao. Vilabu vingi viliwapa wanafunzi ndege hiyo kuruka peke yao kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ni pole na husamehe. Babake alisoma hayo yote, akapunguza kila kipimo kwa tatu, akakata.

"Sasa bila ya injini hupaaje?" nikamuuliza.

"Haipai, Mjomba. Inaanguka. Ila inaanguka polepole kuliko upepo unavyopanda."

Jibu hilo lilinikalia kichwani. Ka 8 halisi katika hewa tulivu husonga mbele takriban mita 27 kwa kila mita moja inayoshuka. Basi upepo ukivuma kutoka bondeni na kugonga ubavu wa mlima, hauna pa kwenda ila juu. Chombo kikikaa ndani ya hewa hiyo inayopanda kwa kasi kuliko chenyewe kinavyoshuka, kitabaki angani muda wote upepo utakapokuwapo. Wenzangu wa Mombasa wamekwisha kuliona hilo bila ya kulitilia maanani: watazameni kunguru wakati wa kusi juu ya kuta za Ngome, wanavyojiachia bila ya kupiga bawa. Surat al-Mulk imetutaka tuwatazame ndege walio juu yetu. Nami nimeifasiri sura hiyo mara nyingi, lakini nakiri hesabu ya yule kijana iliniongezea ladha.

Basi tukakaa kuhesabu. Warithi walikuwa wanne: mjane, mamake marehemu aliye Mji wa Kale, Mombasa, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mjane ana thumuni na mama ana sudusi, na kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Mas'ala yanasimama kwa 24 na kusahihika kwa 72: mjane mafungu 9, mama 12, kijana 34, binti 17. Mwenye shaka na ajumlishe.

Ikabakia thamani. Kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, mstaafu, aliyekuwa mwendani wa shemeji katika mchezo huo, akaja na kukagua kila kitu: rimoti, kipokezi, betri, na vile vijimota vidogo viitwavyo sevo vinavyovuta usukani na vibawa vya ukingoni. Akasema mnunuzi wa haki angetoa baina ya pauni 1,400 na 1,500. Nikamwomba tukubaliane 1,440, kwa sababu hiyo hugawanyika kwa 72 bila ya senti kubaki. Alicheka, akakubali. Kila fungu likawa pauni 20: mjane 180, mama 240, kijana 680, binti 340.

Sasa tazameni ugumu ulipo, na hapa nawaomba hasa kina mama wanaolea mayatima wanisikilize. Kama ni kukiuza, tungekigawa fedha na mambo yakaisha. Kijana alitaka kukimaliza na kukirusha. Na chombo cha namna hii, kikishaachwa mkononi, chaweza kurudi mbao za kuwashia moto katika nukta tatu. Mjane na bibi ni watu wazima wenye akili zao. Wanaweza kutoa mafungu yao hiba wakitaka. Binti je? Ana miaka 11. Hajabaleghe, na mali yake haitolewi zawadi na yeyote, si mamake, si mjombake, si kadhi, hata kama yeye mwenyewe analia akisema "mimi natoa". Machozi ya mtoto si ridhaa ya kisheria. Na kuihatarisha mali hiyo mlimani ili kakake afurahi ni karibu sana na lile lililoonywa katika Surat an-Nisaa juu ya mali ya mayatima.

Kwa hiyo nikamwambia dada: fungu la binti linunuliwe kwanza, kabla gundi haijafunguliwa. Akatoa pauni 340 kutoka mshahara wake mwenyewe, si kutoka tirka, zikawekwa kwenye akaunti ya binti. Nikaiona risiti. Wako watakaosema huo ni ukali usio na maana baina ya mama na mwanawe. Mimi nimeshuhudia mayatima wengi wakikua na kuuliza, "cha baba kilikwenda wapi?" na hakuna anayeweza kuwajibu. Binti huyu atakuwa na risiti.

Kwa bibi tukapiga simu. Nikamwamkia, nikamweleza hadi pumzi ikaniishia, kwamba mwanawe ameacha ndege isiyo na injini wala abiria, na kwamba yeye ana mafungu 12 ndani yake.

"Isiyo na injini?" akauliza.

"Naam, Bi Mkubwa."

"Na huruka kwa upepo?"

"Kwa upepo."

"Basi si tiara hiyo! Alikuwa akinimalizia uzi wangu wa cherehani kwa tiara zake pale Makadara. Na ujana wote ule kumbe hajaziwacha." Akanyamaza kitambo, nasi tukanyamaza. Kisha akasema, "Fungu langu nimempa mjukuu wangu. Wewe ni sheikh, andika." Nikaandika, na dada akatoa lake vilevile, ingawa uso wake ulikuwa bado haujakunjuka.

Likabaki fungu la kijana mwenyewe. Amebaleghe, lakini kubaleghe si kuwa na rushdi, na Qur'ani imetuamrisha tuwajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali. Nikamwomba yule mzee anionyeshe kama kijana anajua akifanyacho. Jumamosi mbili mfululizo wakatoka pamoja na ndege ndogo ya povu, ya bei ndogo, nami nikiwa nao. Sikutazama urukaji, kwa kuwa siujui. Nilimtazama yeye. Siku ya pili upepo ulikuwa unabadilika badilika. Mzee hakusema lolote, na kijana akasimama robo saa nzima akiutazama mti mmoja, kisha akaifungasha ndege bila ya kuirusha. Hapo nikaridhika. Kwangu mimi, kijana anayeweza kwenda safari ya saa nzima kisha akarudi bila ya kufanya alichokiendea ana rushdi kuliko baadhi ya watu wazima ninaowajua.

Ndugu mmoja msikitini alisikia habari hizi akanijia na nasaha kwamba sheikh hafai kushughulika na mambo ya upuuzi. Nilimjibu kwa upole kwamba mchezo usio na kamari, usiopitisha wakati wa swala, na unaomfunza mtu subira na mkono wenye ustadi, wanazuoni hawakuuharamisha. Sikumwambia, ingawa ilinijia ulimini, kwamba nyumba yenye yatima mwenye kitu cha kufanya jioni ni nyumba iliyosalimika na mengi. Sisi wa pwani twajua vijana wetu hujazwa na nini wanapokosa shughuli.

Tukapanga saa mbili kwa siku, baada ya masomo, na chumba hufungwa saa tatu ya usiku. Sharti hilo aliliweka dada, naye ndiye aliyeshika ufunguo.

Kilichomwingiza dada chumbani ni pasi. Kitambaa cha kuvikia bawa kina gundi upande mmoja. Hulazwa juu ya mataruma, kikapigwa pasi ukingoni kikashika, kisha kikapitishwa joto katikati, kikajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma. Joto likizidi huungua, likipungua hulegea, na likiwa si sawa pande zote mbili bawa zima hupinda. Kijana alikuwa akihangaika nalo usiku wa tatu, mikunjo imejaa. Dada alisimama mlangoni akitazama, mwanamke aliyepiga pasi kanzu za mume kwa miaka 19, kisha akasema, "Lete hapa, utaliunguza." Alilimaliza bawa la kulia kwa siku mbili. Hakuzungumza sana. Lakini aliikuta ile kalamu kwenye taruma la tisa, akaichomoa, akaiweka mfukoni mwa dera lake, akaendelea.

Binti naye alikuwa na lake. Ndege za mfano zenye ukubwa huo huwekwa sanamu la rubani ndani ya kioo, na babake alikuwa amemwahidi kwamba kumvisha rubani itakuwa kazi yake. Akaniletea mdoli akaniuliza kama ni haramu. Swali zito hilo! Nikamweleza kwamba wadoli wa watoto wanazuoni wengi wamewapa ruhusa, kwa yaliyopokewa juu ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Akaenda, akarudi siku ya pili mdoli amevaa kanzu na kofia ya vito, kijitundu kwa kijitundu, kama za kwetu. Mzee wa Kiingereza alisema hajapata kuona rubani wa Ka 8 aliyevaa vizuri hivyo.

Hatua ya mwisho ni mizani, nayo haina mzaha. Chombo kikiwa kizito nyuma hakiongozeki kabisa, na kikizidi mbele hupiga mbizi. Huinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipopimwa kwenye ramani, na pua hujazwa risasi mpaka kilale sawa. Kijana alifungua droo ya babake kutafuta risasi, akakuta mfuko wa chubwi za kuvulia, za Mombasa, ambazo marehemu alizibeba likizo ya mwisho. Zikaingia zote isipokuwa mbili. Uzito wa jumla ukawa kilo 7 na kidogo. Nilipoona jinsi mkia ulivyo muhimu, nikawahadithia watoto habari za Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 887. Al-Maqqari aliandika karne nyingi baadaye kwamba alijivika manyoya akaruka masafa, lakini akaumia mgongo wakati wa kutua kwa kuwa hakujifanyia mkia. Binti akauliza kama mkewe alikuwa amemkataza. Hilo Al-Maqqari hakulitaja.

Sheria nayo ina haki yake. Uingereza, chombo kama kile lazima kibandikwe namba ya mwenye dhamana, aliyetimiza miaka 18, na mrushaji lazima apite mtihani. Kijana alikuwa ameshapita. Namba iliyobandikwa ilikuwa ya marehemu. Dada akajiandikisha yeye, akaibandua ile ya mumewe taratibu kwa kucha, akaitia kwenye pochi yake, akabandika ya kwake. (Wasomaji wa Kenya wasikurupuke kuagiza vyombo visivyo na rubani; hapa kwetu idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga hutakiwa kwanza.)

Siku yenyewe tulikwenda Long Mynd, mgongo mrefu wa mlima ulioko mkoa wa Shropshire, unaofikia mita 516, na ubavu wake wa magharibi umeporomoka ghafla kuelekea bondeni. Barabara ya kupandia kutoka Church Stretton ni nyembamba, kushoto mlima, kulia shimo, na dada alisoma kila dua aijuayo. Juu kuna vichaka vifupi vya rangi ya kahawia, kondoo na farasi wadogo wanaozurura. Tangu mwaka 1934 kuna klabu ya ndege halisi zisizo na injini papo hapo, kwa hiyo warushaji wa mifano huwa na mtu wa kutazama anga, na ndege yenye mtu ikitokea, ya mfano hupisha mara moja.

Upepo ulikuwa wa magharibi, wa sawasawa, wa kuegemea. Mabawa yakachomekwa kwenye ufito wa kaboni, betri zikapimwa, kila kibawa kikachezeshwa kushoto na kulia mara mbili, mzee akisema kwa sauti anachokiona. Kijana mmoja wa klabu, mwenye mabega mapana, akaibeba juu ya kichwa hadi ukingoni. Mpwa wangu akashika rimoti. Nilisikia bismillahi yake, na nikaona magoti yake.

Yule bwana akapiga hatua tatu, akaisukuma.

Ilizama. Wallahi ilizama chini ya ukingo hata sikuiona, na dada akanishika mkono kwa nguvu. Kisha ikatokea, mbali kushoto, imeinuka kuliko ilipoachiwa, jua limepenya kitambaa na mataruma yote yanahesabika. Hakuna mlio ila mvumo mwembamba, kama mtu avutaye pumzi kwa meno. Ikaenda mwisho wa mlima, ikageuka, ikarudi mbele yetu, na binti akapiga kelele kwamba amemwona rubani na kofia haijaanguka. Mwewe mmoja akaja akakaa juu yake, akazunguka nayo mara kadhaa, akachoka nayo akaenda zake.

Dakika ya 14, mtazamaji akasema ndege halisi yaja kutoka kaskazini. Kutua ndiko kugumu, kwa kuwa nyuma ya ukingo upepo huvurugika. Kijana akaipeleka nyuma yetu, akafungua breki za hewa, ikatikisika, ikainama upande mmoja, akairudisha, ikalala kwenye vichaka kwa kishindo kidogo. Tukaikimbilia sote, mimi na kanzu yangu nimeikusanya mkononi. Kitambaa cha chini ya bawa la kulia kilikuwa kimechanika kiasi cha shubiri. Mengine yote salama. Dada akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mchaniko kama apimavyo pindo, akasema ni kazi ya dakika kumi akipata pasi, kisha akamwuliza mwanawe kama upepo ule utakuwapo na Jumamosi ijayo, baada ya mtihani wa hesabu.

Tukaswali adhuhuri hapo hapo, karibu na gari. Tulipotoa salamu simu ikalia: ni bibi, kutoka Mombasa, ataka kujua kama tiara imeshuka.

"Imeshuka, Bibi," kijana akamwambia.

"Uzi haukukatika?"

"Haina uzi, Bibi."

"Haina uzi! Sasa mwaishikaje?"

Akakaa juu ya jiwe, akaanza kumweleza tangu mwanzo, nasi tukafungua chakula.